Daftari la Jini wa Kansanga

Jini wangu alikuwa na adabu. Hakuwahi kuingia bila kupiga hodi. Kwanza alituma miayo, kumi au kumi na tano mfululizo, mchana kweupe, nami usiku wake nimelala vizuri, mpaka mteja akadhani nimemchoka akaondoka zake. Halafu shingo ilikaza. Halafu nikapata hamu ya kitu kitamu, na hapo nilikula tende za kuuza mpaka nikaona chini ya kopo. Kisha zikaja taa: mstari mdogo wenye meno kama ya msumeno, unametameta pembeni mwa jicho, unakua polepole kwa dakika ishirini hivi huku ukimeza nusu ya kila ninachokitazama. Taa zikizimika, ndipo mwenyewe anaingia. Upande wa kulia wa kichwa unaanza kudunda, mwanga unaniudhi, sauti zinaniudhi, na harufu, Mola wangu, harufu sitaki hata kuisimulia.

Na kazi yangu ilikuwa kuuza harufu.

Duka letu liko Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba. Ni la shangazi yangu, aliyenilea tangu nina miaka sita. Kabla yake lilikuwa la baba yake, na kabla ya huyo la babu yake, aliyekuja kutoka pwani na mizigo ya biashara akasahau kurudi. Tunauza udi, ubani, mafuta ya waridi, kanzu, buibui na tasbihi. Mabibi harusi nao huletwa kwetu kufukizwa nguo, nywele, na wao wenyewe, mpaka bwana harusi ajue mke amewasili kabla hajamwona. Wateja humwita shangazi Hajati, majirani Waganda humwita ssenga, yaani shangazi kwa lugha yao, naye huitika yote mawili bila kuinua macho.

Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na mlango wetu, kuna kibanda cha nguruwe wa kuchoma. Hivyo ndivyo vilikuwa vita vya shangazi. Wao wakiwasha mkaa saa nne asubuhi, yeye anawasha chetezo. Wakiongeza nyama, anaongeza udi. Ikifika adhuhuri, mtu akisimama katikati ya barabara hajui aingie wapi wala atubu wapi.

Siku ya kwanza kuugua nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimwambia shangazi naona taa. Alikuwa anamimina mafuta kwenye kichupa, akakiweka chini, akanitazama kwa muda mrefu.

"Taa zina meno?"

"Zina meno."

"Zinatembea?"

"Zinatembea, shangazi."

Akakaa juu ya gunia la ubani. "Basi ni yeye," akasema. "Ni jini."

Nilijaribu kubisha. Nilimwambia huenda ni kipandauso tu, nimesikia watu wanakipata. Akanijibu kwamba kipandauso hakipigi miayo wala hakili tende, na kwamba yeye anajua anachokisema.

Tiba yake ilikuwa hivi. Unakalishwa kwenye kigoda, unafunikwa kanga mbili gubigubi, chetezo kinawekwa katikati ya miguu yako, na juu ya makaa unatiwa udi bora kuliko wote dukani, ule ambao hata mabibi harusi huonjeshwa tu. Ukishaanza kukohoa, shangazi anazungumza na mgeni. Alianza kwa Kiarabu. Akaendelea kwa Kiswahili. Akamaliza kwa Luganda, iwapo jini ni wa hapa hapa. Mengine aliyasema chini chini, mdomo karibu na moshi, na hayo sikuyasikia. Baadaye nilitapika, na shangazi akapiga makofi: "Huyoo anatoka!" Nikapewa kikombe kidogo cha kahawa chungu, nikalazwa stoo gizani juu ya mabuibui, na nilipoamka jioni kichwa kikiwa kimetulia, sifa zote zilikwenda kwa chetezo. Maumivu yangekwisha yenyewe, lakini nani angethubutu kulisema hilo mbele ya mtu aliyepiga makofi kwa furaha kiasi kile?

Kila alipokuja jini, shangazi aliandika. Alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, naye aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama baba yake alivyomfundisha. Mimi Msahafu nausoma, lakini mwandiko wa shangazi hauna irabu wala huruma. Nilijua tu kwamba habari zangu zimo.

Basi tukaishi hivyo, mimi, shangazi, jini na nguruwe, kwa miaka. Halafu mwaka mmoja shangazi akaenda umra. Aliniachia duka kwa wiki tatu, na maagizo marefu kuhusu chetezo, na mimi kwa uvivu sikukiwasha hata siku moja. Nguruwe alinukia apendavyo. Wiki tatu hizo jini hakutokea. Shangazi aliporudi, alisalimia, akavua viatu, akawasha udi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa sakafuni stoo.

Pale nikajua. Udi ndio ulikuwa unaniangusha, na zaidi ule wa kunitibu.

Sasa nieleweke. Shangazi hakuzaa. Alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kwamba duka ni langu, kwamba yeye anakaa tu kunisubiri nijue kuchanganya udi vizuri. Mwanamke ameshika chetezo tangu hajaota meno ya ukubwani, ameamini miaka yote kwamba mikono yake inaniponya. Ningemwambiaje kwamba ndiyo inayonilaza? Ama angezima chetezo, na duka likafa, maana nani anunue udi ambao hajaunusa? Ama angeendelea kukiwasha huku moyo unamuuma. Nilimpenda kuliko kichwa changu. Nikanyamaza.

Badala yake nikaanza kununua dawa za maumivu kwa siri. Vidonge viwili asubuhi, viwili mchana, leo parasetamo, kesho ibuprofeni, keshokutwa vyote kwa pamoja. Nilivificha ndani ya vifuko vya tasbihi, na mara moja nusura nimuuzie imamu tasbihi yenye dozi kamili. Mwanzoni vilinisaidia. Baada ya miezi kadhaa kichwa kikaanza kuuma kila siku, maumivu madogo bapa, ya kutwa nzima, na juu yake yale makubwa yakaja vilevile. Niliona kwamba jini sasa amezaa na watoto wanacheza.

Siri hiyo ilipasuliwa na bibi harusi mmoja. Aliletwa na mama yake, afisa wa polisi kutoka kaskazini, mtoto wa baba Mwislamu na mama Mkristo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kupanga watu mistari. Binti alikaa kwenye kigoda, mimi nikapiga magoti mbele yake na chetezo. Nikampigia mwayo usoni. Nikampigia wa pili. Kufikia wa tano bibi harusi alikuwa ananitazama vibaya. Halafu msumeno ukaanza, ukakua, ukameza upande mmoja wa uso wake. Ninalolikumbuka ni kwamba niliona kosa lile ni lake, nikamuuliza kwa upole kabisa:

"Bibi harusi, jicho lako la kushoto liko wapi?"

Akapiga ukelele ambao nguruwe ng'ambo waliusikia, japo walikuwa wameshachomwa. Akaruka, chetezo kikabiringika, kaa moja likatua kwenye shela na kutoboa tundu.

"Hakuna mtu kusogea!" mama yake akanguruma, na sote tukaganda, hata mteja wa kanzu aliyekuwa anapita tu. Akakanyaga kaa kwa buti, akanishika kidevu.

"Wewe, unaona taa? Inacheza-cheza kwa jicho?"

"Ndiyo, afande."

"Alafu kichwa itagonga upande moja? Na utatapika?"

"Ndiyo, afande."

"Banange! Hii si shetani. Hii ni maigreni. Mimi niko nayo tangu mafunzo ya depo, ilikuwa inanishika kwa paredi." Akamgeukia shangazi. "Hajati, zima hiyo moshi. Kesho huyu anaenda kwa daktari. Iko moja Namuwongo, karibu na reli, alikuwa mtoto wa barakisi ya polisi kama mimi. Mwambie ni mimi nimetuma."

"Afande," shangazi akasema, "mtoto huyu mimi ndiye—"

"Hiyo ni amri, Hajati."

Shangazi alikuwa amekwenda Makka mara mbili na hakuna aliyewahi kumwamuru kitu. Akazima chetezo. Usiku kucha alilalamika kwamba serikali imeingia mpaka kwenye udi.

Kesho yake tukashuka Namuwongo. Zahanati ilikuwa chumba kimoja na pazia, reli iko nyuma yake. Daktari alikuwa kijana wa rika langu, mwenye shati lililopigwa pasi kijeshi. Aliniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: kichwa kinauma upande gani, kinadunda au kinabana, nikipanda ngazi kinazidi, ninataka giza, natapika, yanadumu saa ngapi. Akanimulika macho, akanipima presha, akanigonga goti kwa kinyundo.

"Baba, kichwa kiko juu," shangazi akamwelekeza.

"Najua, Hajati. Napita njia ya nyuma."

Akaeleza kwamba ni maigreni, ya aina ile inayotanguliwa na taa, na kwamba miayo, shingo na hamu ya tende vyote ni vya ugonjwa wenyewe, vinakuja hata saa nyingi kabla. "Lakini sikia vizuri. Siku moja kichwa ikikupiga ghafla kama bomu, ama mkono ikikufa, ama maneno ikikataa kutoka, ama uko na homa na shingo imekauka, usiseme ni ile ya kawaida. Kimbia hospitali."

"Na hiyo maigreni kwa Kiswahili ni nini?" shangazi akauliza.

"Kipandauso," nikasema, nikitazama kalenda ukutani.

Halafu akaniuliza nakunywa nini. Nikajikaza nikasema ukweli: dawa za maumivu, kila siku, miezi mingi.

"Kila siku?" shangazi akashangaa. "Umeziweka wapi?"

"Kwenye vifuko vya tasbihi."

Nilidhani atazimia. Daktari akasema dawa hizo zikizidi siku mbili tatu kwa wiki, zenyewe zinaanza kuleta maumivu, na kwamba wale watoto wa jini nimewazaa mimi mwenyewe kwa vidonge. Itabidi niache, na wiki mbili za kwanza zitakuwa mbaya. Akasema pia angependa kujua siku zinazonishika, nikiwa nimekula nini, nimelala vipi. "Watu naambia waandike miezi mitatu tu. Hakuna mtu anaandika."

Shangazi akakohoa. Akaingiza mkono ndani ya buibui na kutoa madaftari manne yaliyofungwa kwa utepe.

"Miezi mitatu?" akasema. "Mimi nina miaka kumi na moja."

Akavaa miwani na kuanza kutusomea. "Jumatatu. Amekuja saa nne na nusu. Mtoto hakula asubuhi. Miayo kumi na miwili. Tende nusu kopo." Akageuza ukurasa. "Alhamisi. Amekuja baada ya kumfukiza bibi harusi wa Kyambogo. Ametapika mara mbili, mara moja kwenye kanzu ya mteja. Kanzu tumeifua, haikukubali." Akageuza tena. "Ijumaa. Siku ya kwanza ya hedhi yake." Nilitaka kuingia chini ya meza. "Jumapili. Jirani alikuwa na sherehe, mtoto hakulala. Amekuja na hasira."

Daktari alikuwa anaandika kwa kasi, ulimi nje. Akasema wagonjwa wake wa chuo kikuu hawajawahi kumletea kitu kama hiki, na shangazi akaongezeka unene hapo hapo kwenye kiti. Kisha daktari akahesabu kwa kalamu: njaa, usingizi, hedhi. "Na ya nne, Hajati, hii moshi..."

"Si udi!" nikadakia. "Daktari, udi hauna neno. Ni nguruwe. Kuna nguruwe ng'ambo, harufu yake ndiyo—"

"Nguruwe nimemwandika kwake peke yake," shangazi akasema. "Siku za nguruwe bila udi, jini hakuja." Akaurudia ule mstari kwa macho. Akaendelea kusoma.

Hapo ndipo niliona kidole chake. Kilikuwa kinashuka mistari miwili kwa kila mmoja anaousoma. Daktari naye aliona.

"Hajati, hii umeruka ni ya nini?"

"Hayo si yake."

"Ni ya nani?"

Treni ya mizigo ikapita nyuma ya zahanati. Kila kitu kikatetemeka, vichupa, pazia, meno yetu. Tukaingoja iishe, sote watatu, ndefu kama ilivyokuwa. Ilipokwisha shangazi akavua miwani.

"Ni yangu," akasema.

Kisha akanisemesha mimi, si daktari. "Alinijia siku ya harusi yangu, nimefunikwa shela, nikaona taa zina meno. Mama yangu akaniambia naye alikuwa naye, na mama yake pia. Akasema huyu huwaandama mabinti. Sikuzaa binti, nikashukuru, nikasema nitazikwa naye yaishe. Halafu nikakulea wewe. Na wewe ukaniambia unaona taa."

Nikakumbuka alivyoniuliza habari za meno. Nikakumbuka zile alasiri zote alizofunga mlango wa chumba chake akisema anasali, asimsumbue mtu, na mimi nje nikiwaambia wateja kwamba Hajati ni mcha Mungu sana.

"Sikuwa namfukuza, mwanangu," akasema. "Nilikuwa namwita arudi kwangu. Ndiyo maana nikaweka udi ule mzuri."

Akavaa miwani tena, akasoma mstari mmoja aliouruka: "Jumamosi. Leo amekuja kwangu, mtoto amepumzika. Alhamdulillahi." Akaruka kurasa nyingi. "Jumatano. Kwangu. Alhamdulillahi." Na mwingine. Na mwingine.

Nililia mpaka kichwa kikaanza kuuma. Daktari alitafuta kitambaa, akakosa, akatukatia bandeji. Nikiwa na bandeji puani ndipo nikaweza kumwambia: shangazi, ni udi, nimejua tangu ulipokwenda umra.

"Wiki zile hukuniambia lolote kwa simu, nikajua hakuja," akasema huku akijifuta. "Nikadhani amenifuata Makka. Na kweli huko nilimpata."

Daktari akampima na yeye. Presha ilikuwa juu. Tukatoka na dawa za watu wawili. Mimi nilipewa mbili: sumatriptani, ya kumeza mara tu maumivu yanapoanza, pamoja na ya kuzuia kutapika, lakini isiwe mazoea, na propranolo, ya kila siku, iwe kichwa kinauma au hakiumi, ili mashambulizi yapungue. Hiyo ya pili ni dawa ya presha ambayo husaidia na kipandauso, ila alituuliza kwanza kama tuna pumu, maana wenye pumu hawapewi. Shangazi akapewa propranolo tu. Akauliza kwa nini mtoto apate mbili na yeye moja. Daktari akamweleza kwamba sumatriptani inabana mishipa ya damu, haimfai mtu mwenye presha kama yake. Alinuna njiani kurudi mpaka Kabalagala.

Wiki mbili za kuacha vidonge vya siri sitazisahau, wala shangazi hatazisahau, kwa sababu nilimfokea kila siku, hata kwa kupumua. Propranolo nayo nilidhani itafanya kazi kesho yake. Nilipiga simu Namuwongo siku ya nne kulalamika, daktari akaniambia nihesabu miezi, si siku. Mwezi wa kwanza sikuona tofauti kubwa. Wa tatu, jini alikuja mara mbili tu, na mara zote mbili alikuta nimeshika kidonge.

Chetezo sasa hakiwashwi dukani. Wateja wananusa udi kwenye makopo, na mabibi harusi wanafukiziwa kwao, na mama zao, kwa maelezo ambayo shangazi huyatoa kwa ukali. Duka halikufa, limepungua mbwembwe tu. Vita vya barabara ameshinda nguruwe. Vitunguu vyao, Mungu anisamehe, vinanukia. Na kwa kuwa tunameza dawa moja saa moja kila asubuhi, mtaa mzima unajua kwamba mimi na shangazi tuna presha, na wanatuombea.

Madaftari yamefika matano. Juzi nilimwomba anisomee la sasa, bila kuruka.

"Jumanne," akasoma. "Hakuja kwangu, hakuja kwa mtoto. Tumekula kwa wakati. Tumemngoja mpaka alasiri, tukafunga duka."

"Tumemngoja wa nini, shangazi?"

"Nimekaa naye miaka arobaini, mwanangu. Mtu unaangalia mlango." Akachukua kalamu. "Lakini akirudi, aje kwangu kwanza."

"Aje kwa yule atakayekuwa na dawa karibu," nikasema.

Akalifikiria hilo. Kisha akainama, akaliandika.